Saini ya Jirani wa Chini

Nilipoajiriwa katika ofisi ya ujenzi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa kazi ambayo wanaume watatu walikuwa wameikataa. Kila aliyetaka kujenga alipaswa kwanza kueleza maji ya mvua ya kiwanja chake yatakwenda wapi, na mimi ndiye niliyepaswa kwenda kuhakikisha kama alichoeleza ni kweli. Mwanza ni mji wa mawe. Mvua ikipiga mlimani haikuti udongo wa kuinywa, inateremka yote, na anayejenga juu asipofikiri, anayeishi chini ndiye anayezoa tope sebuleni. Wenzangu waliona ni kutafuta ugomvi na wenye fedha kwa ajili ya kitu ambacho nusu ya mwaka hakionekani. Mimi niliipokea kwa sababu nilikuwa mgeni ofisini, na kwa sababu nina kichwa kigumu. Nikiambiwa jambo fulani mwanamke haliwezi, hapo ndipo linaponinogea. Haukupita muda wakaanza kuniita Mama Mitaro, nami wakati huo sikuwa hata na mtoto.

Kibali chenyewe kilikuwa karatasi moja. Mhandisi mmoja aliyestaafu kabla sijafika alikuwa ameacha desturi ambayo sikuwahi kuikuta katika sheria yoyote. Mwisho kabisa wa fomu, chini ya saini ya mwombaji na ya mkaguzi, palikuwa na mstari uliopigwa chapa: "Jirani wa chini." Mwombaji hakuruhusiwa kuipeleka fomu kwa jirani mwenyewe. Mkaguzi ndiye aliyeshuka mteremko hadi kwenye nyumba ya kwanza ambayo maji yangeweza kuifikia, akabisha hodi, akaeleza, akaomba saini. Bila saini hiyo muhuri haukugongwa.

Niliupenda mstari ule kuliko kitu chochote pale ofisini. Nikienda nyumbani kwetu, upande wa Usagara, nilimtambia baba kwamba mjini tajiri hajengi mpaka maskini aliye chini yake akubali. Baba alikuwa mfugaji, mtu asiyedanganyika upesi. Aliniuliza kama huyo maskini huwa anaelewa anachokikubali. Nilimjibu bila shaka anaelewa, nikaendelea kula.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalijaa, mitumba ikashuka kwa marobota, na watu waliokuwa wameficha fedha zao pamoja na ujasiri wao wakavitoa vyote kwa mpigo. Kila wiki kiwanja kingine kilizungushiwa mabati. Waombaji walinitazama kama mabaki ya zamani. Mmoja aliniambia, "Serikali imesema ruksa, wewe dada unasema kibali," na benchi zima likacheka. Wengine walidhani nangoja chai, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, wakachomeka bahasha chini ya fomu. Niliwarudishia kwa sauti ya juu ili ofisi nzima isikie. Nisijifanye mtakatifu, nilikuwa nafurahia kuwaaibisha.

Mzee mmoja mfanyabiashara hakuja na bahasha. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko changu kilichochakaa shule ya bweni. Alikuwa amepata kiwanja kwenye mteremko wa Mabatini, na kwa kuwa watu binafsi walianza kuruhusiwa kununua pamba, alitaka kujenga ghala. Alikaa kwenye benchi na ramani yake iliyofungwa kwa gazeti mpaka zamu yake ikafika. Nilipomuuliza maji ya paa kubwa namna ile yatakwenda wapi, alikiri kwamba hakuwa amefikiria. Nilimpenda palepale. Wengi walianza kwa uongo.

Tulikwenda kiwanjani mwezi wa nane, jua likiwa kali na ardhi imekauka. Juu yetu ulikuwa mlima wa mawe matupu. Chini ya kiwanja ilikuwa nyumba moja ya bati, na kwenye kona ya juu ya uwanja wa nyumba hiyo lilikaa jiwe kubwa kama chumba cha kulala. Kwa hesabu za maji, jiwe lile lilikuwa mali. Ubavuni mwake palikuwa na mstari mweusi ulioachwa na mvua za miaka mingi, na ulionyesha wazi kwamba maji yakishuka mlimani yanaligonga, yanageukia kulia, na kuingia kwenye korongo linaloteremka hadi Mto Mirongo. Nyumba ilikaa nyuma ya jiwe, kavu. Nilipima mteremko kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kwa kuwa kipimo cha ofisi kilikuwa kimeharibika tangu enzi za yule mhandisi. Nikamwambia mzee ajenge mchirizi wa zege utakaopeleka maji ya paa lake kwenye bega la jiwe, yageuke pamoja na yale ya mlimani. Kwenye ramani nililichora jiwe kama duara dogo, nikaandika ndani yake "jiwe."

Nikashuka kwenda kutafuta saini. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeshona sare za shule. Nilimkuta barazani kwenye cherehani, amezungukwa na sketi za bluu, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu na kuniletea viazi vitamu na maziwa mgando kabla hajauliza shida yangu. Nyumba yake alikuwa ameijenga kwa miaka mingi, kidogo kidogo. Mbele palikuwa na matofali ya kuchoma na lipu nzuri, na nyuma bado palikuwa na matofali mabichi yaliyosubiri zamu yao. Niliyaona. Niliona pia kwamba tofali bichi likikaa kwenye maji linarudi kuwa udongo, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Basi nikafungua fomu na kumsomea. Nilisoma kwamba mtiririko wa maji ya juu ya ardhi utaelekezwa kwenye mkondo wa asili kwa mujibu wa ramani iliyoambatishwa. Mama alisikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la serikali, kwa heshima na bila kutarajia kuambulia kitu. Aliuliza swali moja tu, kama maji hayo yatakuja kwake. Nilimwambia hayatakuja, tumepima. Akafuta mikono kwenye kanga, akaandika jina lake taratibu kwa mwandiko mzuri, huku mimi nikitazama saa kwa sababu nilikuwa na kiwanja kingine cha kukagua Butimba.

Mwezi wa kumi nilipita kukagua msingi wa ghala. Kila kitu kilikuwa sawa, mzee amefanya hata zaidi ya nilivyomwagiza, na marundo ya kokoto yalisubiri kumwagwa zege la sakafu. Miaka ile kila aliyejenga alihitaji kokoto, na milimani kina mama walizipata kwa moto. Huwasha magogo na matairi mabovu kuzunguka jiwe kutwa nzima mpaka lipasuke, kisha hukaa chini kuliponda kwa nyundo. Tulikuwa tumeuzoea moshi ule kama harufu ya dagaa. Nilijaza fomu yangu, nikaweka alama kila palipotakiwa. Sikuzunguka nyuma. Kulikuwa na joto na viatu vyangu vilikuwa vipya.

Mvua ya kwanza ya vuli ilipiga alfajiri. Saa mbili na nusu asubuhi yule mzee alisimama mlangoni pa ofisi, suruali imelowa hadi magotini, kofia mkononi. Aliniomba twende nikaone. Tulipanda gari lake na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumkemea, kwa maana nilikuwa na hakika ameuharibu mchirizi wangu.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama ulikuwa chini. Haukuanguka kama ukuta, ulikuwa umelegea na kukaa, tope jekundu limeingia hadi chumbani. Hakuna aliyeumia, mama alikuwa nje akikinga maji ya bati. Majirani walikuwa wameinua cherehani juu ya meza, na sare za shule zilikuwa kwenye mabeseni, mashati meupe yamekuwa rangi ya chai. Niliukagua mchirizi wa mzee. Ulikuwa mzima, umenyooka, umefanya kila nilichoagiza. Nikauangalia unakoishia, na jiwe halikuwapo. Palikuwa na ardhi nyeusi iliyoungua na unga wa kokoto.

Nilipandwa na hasira. Nilisimama katikati ya tope nikauliza ni nani amelivunja jiwe lile, kwa sauti niliyoitumia kwa watu wa bahasha. Wanawake wa kokoto walikuwapo, wamekuja kusaidia kuzoa tope, na wote walimtazama mama.

"Ni mimi, mwanangu," akasema.

Alinieleza bila haraka. Jiwe lilikuwa ndani ya uwanja wake, na tangu mumewe akiwa hai walitamani liondoke wapate nafasi ya chumba cha kushonea. Mzee alipoanza kujenga, wanawake wa kokoto walimwendea yeye mama, maana mteja alikuwa hatua chache tu juu yao, hakukuwa na haja ya gari. Walikubaliana kwamba nusu ya kokoto zipande ghalani, na nusu zibaki kwa mama, ajengee msingi mpya wa ule ukuta wa nyuma. Rundo lake lilikuwa pale mlangoni, limeoshwa na mvua, linang'aa. Wote waliona ni neema. Mzee naye alikuwa amefurahi kununua kwa majirani badala ya kwenda mbali.

Nilimwambia kwamba jiwe lile ndilo lililokuwa likigeuza maji. Alinitazama.

"Siku ile ulipokuja na karatasi, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na jibu. Ilikuwa kwenye ramani, duara dogo lenye neno ndani yake, na ramani ilikuwa imeambatishwa. Lile jibu lilifika mdomoni, nikaona aibu, nikalimeza. Hakunitukana wala hakupaza sauti. Ningependelea anitukane.

Mkuu wetu ofisini hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa miezi ya kupunguza wafanyakazi, na kila mmoja alitembea ameinamisha kichwa. Alilisoma faili kwa wasiwasi, kisha uso ukamtulia. Mwombaji ametimiza masharti, jirani ametia saini, na jirani huyohuyo ameondoa kizuizi cha asili kwa hiari yake. Akaniamuru nimwandikie mama barua ya kumweleza kwamba ofisi haihusiki. Niliipiga chapa mwenyewe. Saini ile iliwekwa pale ili imkinge yeye, na sasa ilikuwa inatukinga sisi. Niliiweka barua mkobani nikatoka, na nilipofika kwenye daraja la Mirongo nililia mchana kweupe, watu wakipita. Nilikuwa najichukia.

Sikuipeleka. Nilirudi nikaiweka kwenye faili, na juu yake nikaandika kwa mkono: "Mkaguzi hakumweleza jirani kazi ya jiwe." Nikatia saini. Mkuu aliniambia mimi ni mjinga, na jioni yake akanipa barua ya onyo. Hakuwa na njia nyingine.

Kisha nikaenda kwa mzee. Nilimweleza wazi kwamba sheria iko upande wake na hakuna wa kumlazimisha. Nikamweleza pia kwamba bila jiwe iliyobaki ni njia moja tu, kuchimba mtaro wa zege kukata kiwanja chake mwenyewe hadi kwenye korongo, na mtaro huo ungekula nafasi aliyoitenga kwa malori kugeuzia. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema ameambiwa keti akaketi, ameambiwa jenga hivi akajenga hivyo, je, kesho nitamwambia auhamishe mlima? Nilimwacha aseme. Alizunguka msingi wake mara mbili, mikono nyuma, halafu akateremka kwa mama. Nilimsikia akimwamkia, "Mwadila, mayu." Wakazungumza kwa Kisukuma kwa muda. Mama hakumwomba kitu. Alimweleza tu kwamba shule zinafunguliwa mwezi wa kwanza na watoto wa watu wanangoja sare.

Alipopanda alikuwa amevua kofia, anajifuta kipara. "Chora," akaniambia. "Lakini safari hii uchore na sisi tupo."

Tulichora na wao wakiwapo. Hatukutumia karatasi kwanza, tulitumia chokaa chini, na kina mama wa kokoto wakanisahihisha mara mbili kwa sababu walijua maji yanaponyata kati ya mawe mahali ambapo mpira wangu haukuonyesha. Mzee alitaka kununua lile rundo la mama kwa ajili ya zege la mtaro. Mama alikataa kuuza. Alisema kokoto hizo ziende zikafanye kazi iliyokuwa yao zilipokuwa jiwe. Nafasi ya ukuta ikazibwa kwa mabati ya mzee, na cherehani ikahamia kwenye pembe ya ghala iliyoezekwa haraka, ambako mama alishona akiwa amezungukwa na mafundi waliojifunza kupita mbali na nguo nyeupe.

Mtaro ulihitaji kibali chake, kwa hiyo nikashuka tena na fomu. Safari hii mama hakukaa. Alinishika mkono tukatembea kutoka juu hadi chini, na kila hatua alinisimamisha: hapa maji yatakuja kwa nguvu gani, hili likizibwa na taka nani atazibua, majani yakijaa inakuwaje. Mengine niliyajibu, mengine nilikiri sijui, tukayafikiria pamoja. Tulipomaliza nilimpa kalamu. Akanirudishia. Alisema atatia saini atakapoyaona maji.

Niliingoja mvua kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Mawingu yalikuja yakaondoka, ziwa likawa jeusi likarudi kuwa la kijani, na mkuu akaniuliza kila asubuhi faili liko wapi. Ilinyesha siku moja mchana, kubwa, ya upepo. Nilichukua mwavuli na fomu nikaondoka bila kuaga, nikapanda Mabatini mbio, vile viatu vipya vikiwa vimekwisha kabisa.

Mama alikuwa amesimama kando ya mtaro, kanga kichwani, amelowa. Mzee alisimama chini ya ukingo wa paa lake. Maji yalishuka mlimani mekundu, yamebeba majani, vijiti na nyaya za matairi, yakaugonga mtaro, yakapanda ukingoni yakakaribia kumwagika, kisha yakageuka. Yote. Yakaingia korongoni kwa kishindo. Nyuma yetu mabati ya ukuta wa mama yalikuwa yamelowa kwa mvua tu, hakuna tone lililopita chini yake. Mzee alipiga makofi mara moja, akaona haya, akaacha. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Nilifungua fomu chini ya mwavuli, nikamnyooshea mama kalamu.

Hakuitazama. Alikuwa anatazama korongo linavyoteremka, na maji ya paa la ghala yakiongezeka juu ya yale ya siku zote, yakielekea kwenye safu ya nyumba zilizo karibu na mto.

"Na pale," akauliza, "ni nani amekwenda kuwaambia?"

Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jirani, na katika miaka yote niliyoifanya kazi ile sikuwahi kushuka kupita nyumba ya kwanza. Nilimwambia hakuna. Hakunilaumu. Alikaza kanga kiunoni akaanza kuteremka kwenye utelezi, nami nikakunja karatasi nikamfuata, na nyuma yangu nikasikia mzee akimwita fundi amletee koti lake la mvua.

Nyumba ya kwanza kule chini ilikuwa na mlango wa bluu. Mama alibisha hodi. Mlango ulipofunguliwa alinishika bega, akanisogeza mbele, nianze kueleza.